Sekunde Nne za Mbegu ya Mkoko

Watu wote waliowahi kunifundisha kitu walinikasirikia kwa sababu ile ile: sikai. Shule niliacha darasa la sita, na hata leo nikiulizwa kwa nini huwa natunga sababu, maana ile ya kweli haina uzito. Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi maporomoko ya maji yanavyotoa umeme, nami nikataka kwenda kuyaona hayo maporomoko. Sikuyafikia, na darasani nako sikurudi.

Baada ya hapo nilizunguka mjini. Nilipara samaki Magogoni, nikauza viatu vya mitumba Mchikichini, nikakaa kwa fundi redio mmoja mpaka aliponifukuza kwa kosa la kufungua redio ambazo hazikuwa mbovu. Kazi iliyonishika kuliko zote ilikuwa ya kuchora mabango, Kariakoo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila aliyepata fremu ya duka alitaka jina lake juu ya mlango kabla hata hajapata cha kuuza. Fundi wangu alikuwa mtu wa Lindi, mfupi, mkali wa mdomo, mwenye mkono uliotulia kuliko mkono wowote niliowahi kuuona. Aliweza kuandika herufi kubwa kama mlango bila kupiga mstari wa penseli, huku akigombana na mpita njia.

Televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia mitaani. Jirani yetu mmoja aliuza vyombo vya umeme na aliwasha televisheni moja dirishani mchana kutwa, na sisi wa nje tulitazama katuni kupitia kioo, bila sauti. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa na hasira. Sikuelewa picha iliyochorwa inatembeaje, na hakuna aliyekuwa tayari kuniambia zaidi ya kwamba ni mitambo ya Wazungu. Nilikwenda dirishani pale siku nyingi mpaka nikaona kwamba mkono wa yule sungura haukuwa ukienda. Ulikuwa ukirukaruka kutoka picha moja hadi nyingine. Basi nikachukua kitabu cha risiti cha fundi, nikachora kwenye pembe za kurasa mtu anayenyanyua gunia, ukurasa baada ya ukurasa. Ukizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, gunia linapanda begani.

Fundi alipoliona gunia kwa mara ya kwanza alisema, "Hiki ni kitabu cha wateja au cha wendawazimu?"

Lakini kitabu hicho ndicho kilichonipa kazi ya mama wa Posta. Alikuja kuagiza bango la ofisi yao ya mambo ya mazingira, iliyokuwa Posta, katikati ya mji, na wakati anasubiri akakiona kitabu, akakipeperusha, akakipeperusha tena.

"Nani kachora hivi?"

Fundi alininyooshea brashi kama anayemwonyesha polisi mwizi.

Mama alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Nikamwamkia, akaitika. Alisema ofisi yao ilikuwa inatafuta mtu wa kutengeneza katuni fupi ya dakika mbili, ya watoto wa shule za msingi, kuhusu mikoko. Ingeonyeshwa kwanza katika shule moja ya Ilala, siku ya Ijumaa, mbele ya wageni wa ofisi, na zilikuwa zimebaki wiki sita.

"Unaweza?"

"Naweza, mama."

Sikuwa nimewahi kushika kamera maishani mwangu. Mkoko wenyewe nilikuwa nimeuona kama kuni.

Kesho yake nilipanda pantoni kwenda Kigamboni, nikatembea mpaka kwenye mkono wa bahari ambako mikoko ilikuwa bado imesongamana. Nilikwenda siku nne mfululizo. Fundi alidhani nimepata mwanamke huko. Nilichokipata ni hiki: mbegu ya mkoko haianguki kwanza ndipo ikaota. Inaota ikiwa bado juu, kwenye tawi la mama yake, inaning'inia ndefu na ya kijani kama ganda la maharage, ncha yake imechongoka. Ikiwa tayari inaachia. Maji yakiwa yamepwa, inashuka wima na kujichoma kwenye tope, ikasimama. Ni mti tayari. Maji yakiwa yamejaa inaelea na kwenda zake, na nyingi huenda hivyo.

Nilingoja siku mbili kuona moja ikijichoma. Ilipotokea nilicheka peke yangu kwa sauti, na kaa wote wakaingia mashimoni. Kuanzia pale nilitaka jambo moja tu kwenye ile katuni: mtoto aone mbegu ikishuka na kusimama kwenye tope. Nilikadiria sekunde nne. Zilizobaki zote, za jua na samaki na mawimbi, zilikuwa njia ya kufikia hizo nne.

Vifaa vilikuwa vya kuudhi tangu mwanzo. Tulihitaji karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, moja kwa kila picha ya kuchora, na madukani hazikuwepo. Wachapaji wa fulana wa Kariakoo walikuwa na njia yao: waliziloweka filamu za eksirei zilizotupwa kwenye jiki, zikatakata. Nilizipata kwa muuza chakavu, furushi zima, nikakaa na beseni nyuma ya karakana siku tatu, macho yanawasha, nikiangalia mbavu na mapafu ya watu nisiowajua yakiyeyuka majini. Zikitoka, plastiki yake ina ubluu kidogo. Hiyo ilikuwa zawadi pekee niliyopewa na kazi nzima, maana anga na maji sikuhitaji kuvipaka.

Kamera ilikuwa ya mwenye studio ya picha karibu na Kisutu, Mhindi wa makamo aliyepiga video za harusi za mji mzima, za Wahindu wenzake na za Waislamu na za Wakristo. Kila asubuhi kabla ya kufungua aliwasha ubani mbele ya kamera yake, akaipitishia moshi, ndipo akauliza shida yangu. Nilipoeleza, alicheka mpaka akakaa.

"Kijana, hii ni kamera ya harusi. Haijui kupiga picha moja moja."

"Bosi, ukibonyeza na kuachia haraka?"

Tulijaribu. Hata tulipobonyeza na kuachia haraka vipi, kamera ilikula nusu sekunde. Na ikiachwa imesimama kwa dakika chache ikisubiri picha inayofuata, ilijizima yenyewe, na kuiwasha kulileta mstari mweupe kwenye mkanda. Kwa hiyo kila picha ingekaa nusu sekunde, tupende tusipende. Dakika mbili, picha mia mbili na arobaini, na hakuna kupumzika kati yake.

Kwa mambo ya polepole hilo halikuwa na neno. Jua kupanda, maji kupwa, mbegu kurefuka, vyote vilikubali. Kilichokataa ni kile kile nilichokitaka. Mbegu ikianguka kwa picha za nusu sekunde nusu sekunde, ilionekana kama mzee anayeshuka ngazi. Nilichora anguko mara tano. Mara tano mzee alishuka ngazi.

Nilikaribia kuacha. Ningeacha, ni tabia yangu, lakini siku moja nilimwona fundi akichana plastiki kwa wembe, ufa mwembamba usioonekana mpaka uikunje, nikapata akili. Nikachora mkoko na tope kwenye plastiki moja tu. Nikapasua ufa mdogo kwenye tope. Nikachora mbegu pembeni, nikaikata, nikaifunga uzi wa kuvulia unaopita kwenye ufa. Kamera ikiwa inakwenda, ukiuvuta uzi kutoka nyuma, mbegu inashuka wima, ncha inazama kwenye ufa, inasimama. Nilimvutia mwenye studio. Hakucheka. Alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Haya, ndiyo hiyo."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mistari yote nilikuwa nimeichora mwenyewe, upande wa mbele. Zilibaki rangi, ambazo hupakwa nyuma, kama tunavyopaka vioo vya saluni. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, kazi za nje zimesimama, na fundi akajitolea kupaka.

"Nipake vipi?"

"Kama kawaida tu, mzee."

Nikaondoka. Kaa nilikuwa nimeshamchora, lakini nikagundua kwamba sijui anatumia miguu gani kwanza akitembea upande, na sikuweza kukaa na jambo hilo. Nikapanda pantoni tena. Kaa anatokea sekunde sita kwenye katuni. Nilimpa siku tano.

Niliporudi plastiki zote zilikuwa zimekauka, zimening'inizwa kwenye hanga za mitumba kutoka ukuta hadi ukuta, rangi imetulia, hakuna iliyomwagika nje ya mstari. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Nilimshukuru fundi kwa moyo wote, akasema niache maneno, nikamnunulie kahawa.

Tulipiga picha Jumanne na Jumatano. Mimi nilipanga plastiki, mwenye studio alibonyeza, jicho lake kwenye kile kitundu cha kamera ambacho huonyesha kila kitu kijivu. Alhamisi asubuhi tukaweka mkanda kwenye televisheni ya rangi. Jua likapanda. Maji yakapwa. Kisha mwenye studio akauliza, "Nani huyo anacheza pale chini?"

Pembeni chini, kulia, juu ya tope la kahawia, kulikuwa na maandishi mekundu. Yalirukaruka. Yalipanda, yakashuka, yakanenepa, yakainama kama mlevi, nusu sekunde kwa nusu sekunde, tangu picha ya kwanza. Ilikuwa saini ya fundi. Jina lake, neno "Mabango", na mtaa wake. Aliiweka kwenye kila plastiki, zote zaidi ya mia mbili, na kwa kuwa alipaka upande wa nyuma, aliiandika kinyumenyume kwa ustadi ili mbele isomeke sawasawa.

Mwenye studio alikuwa na udhuru. Kitundu chake hakitofautishi nyekundu na kahawia. Mimi nilizishika zote kwa mkono wangu, moja moja, siku mbili, mwangani. Niliziona. Lakini kila bango linalotoka Kariakoo lina saini pembeni chini, kulia, na jicho langu lilikuwa limezoea kuipita kona ile kama lisivyoiona pua yangu mwenyewe. Mtu yeyote mwingine, hata mpishi wa chipsi, angeuliza dakika ya kwanza.

Nilikimbia karakana. Fundi alikuwa juu ya ngazi.

"Mzee, umeweka saini!"

"Ee."

"Kwenye zote!"

"Ulitaka niweke kwenye nusu?"

"Hii siyo bango, mzee, ni katuni! Inatikisika chini pale kama nini sijui!"

Alishuka, akafuta brashi taratibu. "Ina rangi? Imepakwa na mimi? Basi. Kazi yangu ikitoka hapa uchi, kesho yule mchora mabango wa mtaa wa Gerezani anasema ni yake. Wameshanifanyia. Wewe uliniambia nipake kama kawaida. Kawaida yangu ni ipi?"

Nilipofungua mdomo kubisha, aliongeza, "Ungekuwepo ungeniambia."

Kurudia hakukuwezekana. Kamera ilikuwa inasafiri na msaidizi wa studio kwenda harusi Arusha mchana ule ule. Kufuta saini kwa petroli hakukuwa na maana, picha zilikuwa tayari kwenye mkanda. Nilirudi studio nimekata tamaa, nikamkuta mwenyewe ameshapata dawa. Alikuwa na kimashine cha kuandikia majina ya maharusi. Kinaweka utepe wa bluu chini ya picha, na juu ya utepe maneno unayotaka. Wakati wa kunakili mkanda, alisema, utepe utafunika saini yote.

Aliuweka. Saini ikatoweka. Tukatazama mpaka kwenye anguko. Mbegu ikaachia tawi, ikashuka wima, vizuri kabisa, ikaingia nyuma ya utepe. Haikuonekana tena.

"Tope limefunikwa," nilisema.

"Tope liko chini, kijana. Saini iko chini. Nitafunika kimoja niache kingine vipi?"

"Utoe utepe kwenye anguko tu. Sekunde nne. Pale ni plastiki moja, saini haichezi, imetulia. Watoto hawataiona, watatazama mbegu."

Alikubali kwamba inawezekana; ni kubonyeza kuzima na kubonyeza kuwasha. Lakini kazi ni ya mama wa Posta, akasema, aamue yeye. Mama alikuja alasiri, akavaa miwani, akaona matoleo yote mawili.

Toleo langu alilitazama akiwa amenyanyua nyusi. "Na hili jina la nani?"

Nikaeleza.

"Kijana wangu, wageni watakuwepo. Katuni ya elimu, halafu katikati linatokea tangazo la fundi mabango?"

"Mama, ni sekunde nne. Bila hizo mtoto haoni mbegu ikijipanda. Ndiyo katuni yenyewe hiyo."

"Si inaonekana ikianguka?"

"Inaanguka, lakini haifiki."

"Msimulizi atasema imefika, sauti yake tunaiingiza leo jioni." Akamgeukia mwenye studio. "Hapo kwenye utepe mnaweza kuandika jina la ofisi?"

"Tunaweza, mama. Hata kwa dhahabu."

"Likae mwanzo hadi mwisho."

Nilisema maneno mengine, mengi, na mengine sikupaswa kumwambia mtu wa umri wake. Nilimwambia kama hajui mkoko unavyoota atafundishaje watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwa upole kwamba miaka miwili ameomba hii katuni, amekataliwa, ameomba tena, na kesho ndiyo siku yenyewe. Angependa nije, nivae shati. Mwenye studio alishughulika na nyaya zake, hakunitazama.

Nilikwenda. Fundi naye alikuja, shati limepigwa pasi, akakaa nyuma pamoja na wageni. Darasa lilikuwa la pili, watoto wamebanana wanne kwa dawati, wengine sakafuni mbele ya meza yenye televisheni. Mimi nilipewa kazi ya kubonyeza mkanda.

Waliipenda. Lazima niseme hivyo. Kaa alipopita walipiga kelele, na kijana mmoja akainuka kumwigiza akaangukia wenzake. Mbegu ilipoanza kurefuka walinyamaza. Ikaachia, ikashuka, ikaingia nyuma ya utepe. Sauti ya msimulizi ikasema imejipanda yenyewe kwenye tope.

Watoto waliokaa mbele waliinama. Wawili watatu walilala kabisa kifudifudi, wakachungulia chini ya meza.

"Mnatafuta nini?" mwalimu akauliza.

"Mbegu, mwalimu."

"Imejipanda kwenye tope. Hamkusikia?"

"Tope hatujaliona," alisema msichana mmoja bila ubishi wowote, kama anayetoa taarifa. "Imeingia kwenye maandishi."

Wageni walicheka. Mama wa Posta alinitupia jicho, akanifanyia ishara nieleze. Nikasimama na kueleza, mkono mmoja ukiwa tawi na kidole cha mkono wa pili kikiwa mbegu. Waliitikia "ndiyooo" kwa pamoja, ile ndiyo ambayo niliitoa mwenyewe mara nyingi darasani nikitaka mtu amalize.

"Turudie!" wakasema. Nikarudisha mkanda. Mara ya pili bado wachache waliinama kwenye anguko. Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa kazi na hakupenda muda upotee mbele ya wageni, aliona kwamba maandishi ya dhahabu yako pale mwanzo hadi mwisho, makubwa, yanasomeka. Akachukua fimbo yake ya ubaoni, akaigonga kwenye kioo cha televisheni, chini ya neno la kwanza.

"Someni."

Wakasoma. Jina la ofisi lilikuwa na maneno manane, mengine magumu, na walilisoma kwa kuimba, neno kwa neno, fimbo ikisogea. Walipofika mwisho akawarudisha mwanzo. Mama wa Posta alitabasamu, mgeni mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake. Fundi alinyoosha shingo huku na huku akiitafuta kona yake, kisha akakunja mikono.

Mara ya tatu niliona mbegu ikiachia tawi. Niliona ikianza kushuka. Hakuna mtoto aliyeinama. Wote walikuwa wanafuata ncha ya fimbo, na wakati mbegu inapita nyuma ya neno la tano walikuwa kwenye neno la sita, kwa sauti moja, vizuri sana.